Mabakuli Tisa ya Mbarka

Jumapili, 1 Septemba

Daftari hili nimepewa na Shirika la misaada ya maji. Kwenye jalada kuna tone la maji limekumbatiwa na viganja viwili, laini mno, vya mtu ambaye hajawahi kushika jembe. Injinia Ghizlane alinikabidhi akaniambia, "Ami Addi, wewe ndiye Mkuu wa Maji. Andika hali ya maji kila siku. Sentensi moja inatosha." Nina miaka hamsini na minne na sijawahi kutosheka na sentensi moja. Mke wangu Tuda ni shahidi.

Haya: leo hodhi limejaa kwa mabakuli 22.

Kwa ajili ya watu wa Shirika watakaosoma: bakuli letu ni la shaba, na chini lina tundu dogo kama la sindano. Tunaliweka lielee juu ya maji ndani ya ndoo, linakunywa taratibu mpaka linazama. Likizama tunafunga fundo kwenye ukuti wa mtende, tunaliinua, tunaanza upya. Bakuli moja ni kama dakika ishirini. Mbarka ndilo jina la khettara yetu, mfereji unaopita chini ya ardhi kutoka mguuni mwa mlima hadi mashambani. Akijaza hodhi kwa mafundo machache, ana nguvu. Mafundo yakiwa mengi, amechoka. Zamani za babu yangu alijaza kwa 11.

Niongeze kwamba nilichaguliwa kuwa Mkuu wa Maji kwa sababu siwezi kupanda mtende. Nikifika juu ya kichwa cha mtu mzima, dunia inazunguka. Kijiji kizima kinaishi kwa tende, ikabidi nitafutiwe kazi ya chini.

Jumatatu, 2 Septemba

Mabakuli 22. Upepo na vumbi.

Alhamisi, 5 Septemba

Mabakuli 22. Baada ya sala ya alasiri tulikutana hapo hapo msikitini. Shirika linakuja Jumatatu kupima. Wana pesa za kukarabati khettara nne tu katika wilaya, na wilaya ina kumi na moja. Paa la Mbarka limeporomoka karibu na shimo la saba, mojawapo ya mashimo ya kushukia mferejini, maji yanapenya kwenye kifusi kwa shida. Sisi hatuwezi peke yetu, vijana wote wako Agadir na Marseille.

Mmoja wetu akasema majirani wa bondeni walipimwa mwaka jana, wakaonekana wana maji kidogo, wakaandikiwa kwamba khettara yao imekufa. Hawakupata hata koleo. Hawa hawatibu maiti, akasema.

Ndipo nikafungua mdomo wangu. Nikasema: tuweke kizibo cha udongo na magunia chini ya shimo la tatu kuanzia Jumamosi. Maji yarudi nyuma yajikusanye. Jumatatu alfajiri tunakitoa, na wageni wanamkuta Mbarka akiwa na sauti. Na kwetu, kusema kweli, mgeni haonyeshwi hodhi tupu kama asivyoandaliwa sinia tupu. Nyumba haina nyama lakini mgeni anakula nyama. Hakuna aliyeona kasoro.

Zayd, kaka yake Tuda, mpanda mitende bora kuliko wote hapa, alinipiga bega. "Shemeji, leo umetumia akili. Umeazima kwa nani?"

Nilirudi nyumbani nikitembea kama waziri.

Jumatatu, 9 Septemba

Mabakuli 9. Narudia, tisa.

Walikuja wawili: Injinia Ghizlane, binti wa watu wa Meknes, na bosi wake kutoka ng'ambo, bwana mrefu hata mlangoni mwetu aliingia kama anayerukuu. Maji yalikuwa yakinguruma. Wanawake walisimama kuyatazama, wengine walikuwa hawajayaona hivyo tangu waolewe. Ghizlane aliteremsha kifaa chake mferejini, akaandika, akateremsha tena. Akanitazama.

"Ami Addi, kila siku huwa hivi?"

"Kwa baraka za Mungu," nikajibu.

Si uongo. Si ukweli pia. Bwana Mrefu alikunywa gilasi tatu za chai ya nanaa, akasifu mkate, na kabla ya adhuhuri waliondoka. Walikuwa na khettara nyingine mbili siku hiyo hiyo.

Jioni nilijisifu kidogo. Tuda alikuwa anachambua shayiri, hakuinua kichwa. "Umempaka mgonjwa wanja, ukampeleka kwa daktari," akasema. "Ngoja tuone ataandikiwa dawa gani."

Jumanne, 10 Septemba

Mabakuli 24. Mbarka amechoka na sherehe.

Jumamosi, 14 Septemba

22.

Ijumaa, 20 Septemba

22. Tumeanza kuvuna tende za bufeggous. Zayd juu, mimi chini nikitoa maelekezo. Amenidondoshea shada zima karibu na mguu akasema limeteleza.

Ijumaa, 27 Septemba

Mabakuli 22, na leo nitaandika hadi mkono uchoke.

Karani wa wilaya amebandika ramani mlangoni mwa msikiti. Khettara kumi na moja, kila moja ina rangi. Nyekundu ni zile zinazohitaji msaada. Sisi ni kijani. Watu walianza kupongezana, mimi wa kwanza, hadi mwalimu wa shule aliposoma maandishi ya chini. Kijani maana yake ni kwamba tuna ziada. Kwa kuwa tuna ziada, hatuna haja ya ukarabati. Na kwa kuwa tuna ziada, kampuni ya kilimo imeomba kibali cha kuchimba visima virefu vinne kwenye uwanda wa mawe, juu ya shimo la mama, pale pale Mbarka anapopata maji yake. Watapanda matikiti ya kusafirisha. Mkopo wa kampuni umedhaminiwa na nchi ya Bwana Mrefu. Mwalimu alisoma mara mbili ili tuhakikishe: nchi inayotoa pesa za kuokoa maji yetu ndiyo itakayoyanunua yakiwa ndani ya tikiti.

Wenye pingamizi wafike kwenye kikao, mjini, tarehe 14 Novemba. Kila msemaji ana dakika tatu.

Nilifika nyumbani nikiwa mtu mdogo. Tuda alikuwa ameshapata habari, habari hapa hufika kabla ya mwenyewe. Nilingoja anicheke. Hakucheka. Aliondoa bakuli la shaba ukutani, akalifuta kwa ncha ya shela yake, akanipa.

"Hili halijawahi kudanganya," akasema. "Mdanganyifu tunamjua. Kaeni pamoja mzoeane."

Jumapili, 29 Septemba

22. Nimemwendea Zayd shambani. Mambo mazito Zayd huyazungumza akiwa juu ya mtende, anajua sitamfuata.

"Kampuni itaajiri watu sitini," akaniambia kutoka mawinguni. "Mshahara, kila mwezi, shemeji. Sio tende za huruma."

"Na mitende yako itakunywa nini?"

"Mitende yangu iko mwisho wa mfereji. Inakunywa mabaki yenu tangu nizaliwe. Mtu wa mwisho kwenye zamu hana cha kupoteza."

Nimetembea hadi nyumbani nikitafuta jibu, na bado.

Alhamisi, 3 Oktoba

22. Nimeamua. Kuanzia leo tunapima kila siku, alfajiri hadi hodhi lijae, mashahidi watatu, kila mmoja kutoka ukoo tofauti ili wasiweze kukubaliana kwa hila. Makuti yote yenye mafundo yanatunzwa. Siku ya kwanza nilisinzia kwenye bakuli la nne. Tuda amechukua kazi ya kuhesabu, mimi naandika.

Ijumaa, 4 Oktoba

23.

Jumapili, 6 Oktoba

22. Kamati ya maji ya kijiji imekuja kwangu, imekula kuskusi yangu, kisha imesema ilichokuja kusema. Vipimo vyetu vya sasa ni vizuri, lakini kikao kitauliza: mbona Septemba ilikuwa tisa? Wamepata jibu. Tuseme kifaa cha injinia kilikuwa kibovu.

"Yeye ni msomi, mtoto wa mjini," wakasema. "Wakimfukuza atapata kazi nyingine. Sisi hatutapata maji mengine. Tukikiri kizibo, wewe unaitwa mwongo, na Shirika halitatusaidia tena milele."

Nilisema nitafikiri. Tuda alikuwa anakusanya gilasi na akaziweka kwenye sinia kwa kelele zaidi kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu, 7 Oktoba

22. Nafikiri.

Jumanne, 8 Oktoba

22. Bado.

Alhamisi, 10 Oktoba

23. Siku nne nimefikiria kumtwisha mzigo wangu msichana aliyekunywa chai kwangu na kuniita ami. Naiandika hapa ili nikianza kujiona mtu mwema nirudi kuisoma.

Nimempigia simu. Nilizunguka sana, nikauliza mama yake, nikauliza hali ya hewa ya Meknes. Mwishowe nikamwambia: kizibo, magunia, shimo la tatu, wazo langu.

"Ami, nilijua kuna kitu," akasema. "Kuta za mfereji zilikuwa na alama ya maji chini kabisa, na maji yalikuwa juu. Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Kupima khettara kunahitaji siku tatu, usiku na mchana. Ratiba ilinipa asubuhi moja. Nilimwambia bosi, akasema wafadhili wanataka ramani mwezi huu, na hawatachukia ikiwa na kijani kidogo." Akacheka bila furaha. "Ninyi mlinipa kijani. Nilikuwa nimechoka, nikakipokea."

"Tarehe kumi na nne nitasema ukweli," nikamwambia. "Wangu tu. Wako ni wako."

"Sawa, ami," akasema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayetafuta mahali pa kuketi.

Kamati nimeiambia jioni. Wawili wameacha kunisalimu. Tuda leo amenitilia siagi kuukuu, ile ya mtungini ambayo hutolewa siku ya harusi.

Jumamosi, 19 Oktoba

22. Tende za mejhoul zimeiva. Zayd hajaja kuvuna. Kampuni imemwajiri awe mlinzi na imempa koti la rangi ya chungwa. Anaonekana toka mlimani.

Jumatatu, 21 Oktoba

22. Mtambo umefika uwanda wa mawe. Wanachimba kisima kimoja cha majaribio. Kibali hakijatoka, lakini majaribio, karani anasema, hayahitaji kibali.

Ijumaa, 25 Oktoba

22. Wamepata maji. Tumesikia pampu wakati wa sala.

Jumatatu, 28 Oktoba

23.

Jumatano, 30 Oktoba

25.

Ijumaa, 1 Novemba

25. Nimevuna mwenyewe mitende mifupi miwili. Mmoja unanifika kifuani. Nimejipongeza.

Jumapili, 3 Novemba

27. Zamu zimeanza kugombaniwa. Mashahidi watatu wa leo walitaka kupigana juu ya fundo moja. Tuda aliwaambia aliyesinzia asibishane, wakagundua wote walisinzia.

Jumatano, 6 Novemba

29.

Alhamisi, 7 Novemba

29. Alfajiri nilimkuta mtu ameshakaa penye ndoo. Koti la chungwa lilikuwa limekunjwa chini yake, amelikalia.

"Zayd. Leo si zamu yako ya ulinzi?"

"Leo ni zamu yangu ya bakuli." Hakuniangalia, alikuwa analitazama bakuli. "Jana maji yalifika nusu ya shamba, zamu ikaisha. Nilisema mtu wa mwisho hana cha kupoteza. Basi nilikuwa nacho, nusu ya shamba."

Nikakaa. Bakuli likazama, akafunga fundo.

"Shemeji, unajua yale maji wanayapeleka wapi? Hakuna tikiti hata moja bado. Wanajaribu pampu kutwa nzima, bomba limeelekezwa kwenye kokoto. Yanamwagika jangwani. Mimi nayalinda."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, niliyaandaa tangu Septemba, yalikuwa mazuri. Nikamwambia asogee kidogo anipe nafasi penye ndoo. Tuda alipokuja kuhesabu alimtazama kaka yake, akalitazama koti. "Afadhali," akasema. "Rangi ile ilikuwa inatisha mbuzi."

Jumapili, 10 Novemba

30. Maulidi. Tumekula, tumeswali, tumepima.

Alhamisi, 14 Novemba

Naandikia mjini, kwenye kituo cha mabasi, tukisubiri la kurudi.

Tulikwenda watu kumi na wanane. Mimi nilibeba daftari, Tuda alibeba bakuli, Zayd alibeba ndoo ya maji kichwani akamwagikiwa njia nzima, na wengine furushi la makuti yenye mafundo. Askari wa mlangoni alituuliza kama ni harusi.

Mezani alikaa mwenyekiti kutoka mkoani, watu wa kampuni, Bwana Mrefu, na Ghizlane mwishoni kabisa. Kampuni walionyesha picha. Katika picha uwanda wa mawe ulikuwa kijani, na wazee wenye nyuso kama zetu walikuwa wakicheka na matikiti. Kisha nikaitwa. Dakika tatu.

Jukwaa lile lilikuwa na ngazi tatu, na mimi nilishasema kuhusu kupanda.

Nikasema: jina langu ni Addi, Mkuu wa Maji. Ile namba ya Septemba iliyoko kwenye ramani yenu ni yangu. Niliifunga kwa udongo na magunia siku mbili, kisha nikaifungulia wageni. Kifaa cha injinia hakina kosa. Nilidhani Shirika linawasaidia wenye nguvu. Nilimdanganya mgeni aliyekula kwangu, na sijui kwenu jambo hilo lina uzito gani, kwetu mtu anaweza kunyimwa binti kwa ajili yake.

Ukumbi ulicheka. Mmoja wa kampuni akainama kwenye kipaza sauti: "Kwa hiyo huyu ni mwongo, kwa kinywa chake. Kwa nini tuamini namba zake za leo?"

"Msiziamini," nikasema. "Tuda."

Tuda alipanda, akaweka ndoo mezani, juu ya karatasi zao, akaweka bakuli juu ya maji. Nikaendelea, "Namba zangu ni hizi hapa, kila siku tangu tarehe tatu Oktoba, kwenye daftari lenu wenyewe lenye viganja vyenu. Zilikuwa ishirini na mbili. Pampu ilipowaka zikapanda. Jana thelathini na moja. Msiniamini, njooni mhesabu. Lakini atakayekuja akae mpaka bakuli la mwisho lizame."

Mwenyekiti akatazama saa. "Dakika tatu zimekwisha."

"Zenu zimekwisha," Tuda akasema. "Hili bado."

Watu walilitazama bakuli. Linazama polepole kwa namna inayoudhi, ndiyo sababu mimi husinzia. Mwenyekiti alimwita msemaji mwingine, na msemaji mwingine alikuwa Zayd, akasema dakika zake tatu anazitoa kwa bakuli. Kisha wa tatu. Kisha wa nne. Watu kumi na sita wa kijiji changu walisimama mmoja mmoja, wakiwemo wale wawili wasionisalimu, wakataja majina yao na kuketi.

Katikati ya ukimya ule Ghizlane akaomba kusema. Hakuja jukwaani. Alisimama pale alipokuwa akasema alipima asubuhi moja badala ya siku tatu, alama za maji ukutani aliziona, na kwenye ripoti aliziacha. Bwana Mrefu aliangalia mikono yake. Nilimhurumia, alikuwa amesifu mkate kwa moyo.

Bakuli likazama. Lilitoa sauti ndogo, na ukumbi wote uliisikia.

Ijumaa, 22 Novemba

31. Barua imefika, ina kurasa mbili na mihuri minne. Kibali kimesitishwa, pampu ya majaribio izimwe, vipimo virudiwe kwa siku thelathini, usiku na mchana. Ukurasa wa pili: kijiji chetu kimeondolewa kwenye orodha ya misaada kwa miaka mitatu kwa kutoa taarifa zisizo sahihi.

Wamesitisha, hawakufuta. Mwalimu alilisoma neno hilo mara mbili.

Nilikwenda kwenye kamati nikajiuzulu. Wakashauriana, wakaniambia wamekataa, kwa kuwa bado siwezi kupanda mtende.

Jumatatu, 25 Novemba

30. Pampu imenyamaza.

Kifusi cha shimo la saba kiko pale pale, na hakuna anayekuja kukitoa. Basi tumeanza. Waliokuja ni wazee, wanawake, na Zayd aliyepoteza mshahara. Kamba ilipofungwa kwenye mti wa kuteremshia, kila mtu alimtazama mwenzake. Nikasema, mimi niliyeziba ndiye nitakayezibua.

"Shemeji, ni mita kumi na nne," Zayd akasema. "Mtende uliogeuzwa."

"Nitafumba macho."

"Chini huko kuna giza, ukiyafumba utapata faida gani?"

Alinishusha mwenyewe. Nilitapika mara moja, njiani. Chini maji yalinifika kwenye kifundo, baridi, yakipita kwenye kifusi kama mtu anayepumua kwa shida. Nikajaza ndoo ya kwanza ya udongo. Nikavuta kamba. Ikapanda.

Alhamisi, 28 Novemba

29. Ndoo mia na arobaini leo. Nimeshuka mara mbili. Sijatapika ila mara moja.

Jumapili, 1 Desemba

Ghizlane amekuja kwa zile siku thelathini. Shirika halijamfukuza, wanasema wanalitafakari suala lake. Amekuja na begi moja na kile kifaa, analala chumba alichoacha binti yetu Ijja. Alfajiri Tuda alimpa ukuti na kumkalisha penye ndoo.

"Usinisinzie," akamwambia. "Mmoja ninaye tayari."

Mimi nilikuwa chini. Nilipopanda jua lilikuwa limeshapita kichwani, nimejaa tope mpaka kwenye nyusi, na yeye bado amekaa pale pale, hodhi limefika ukingoni. Nikamwambia aandike mwenyewe, mikono yangu haiwezi kushika kalamu. Ameandika hapa chini.

*Mabakuli 28. Nimekaa mpaka la mwisho lilipozama. — Ghizlane*

Sentensi moja ingetosha. Ameandika mbili. Atazoea kwetu.